Koki ya Doyle Huckaby

Leland Huckaby alichomelea mabomba kwenye visima vya mafuta vya Oildale, California, maisha yake yote ya kazi, na hakuna aliyewahi kumsifia bomba hata moja. Bomba lililochomelewa vizuri halivuji, na kisichovuja hakina watazamaji. Alipostaafu aliingia gerejini, akafunga mlango, akaanza kutengeneza magari yasiyokwenda popote.

Yalikuwa magari ya mfano, ila si ya kuchezea watoto. Kila moja lilikuwa sehemu ya nane ya gari halisi, urefu wa dhiraa moja, na ukilinyanyua unakuta lina uzito wa mtoto mchanga. Yote yaliiga magari ya vijana wa bonde la Oildale wa zama za kaka yake mkubwa, Doyle: Ford kuukuu iliyong'olewa madigadi, ikashushwa chini, ikatiwa injini kubwa kuliko akili ya dereva. Chama cha watengenezaji wa magari hayo ya mfano kilikutana katika ukumbi wa askari wastaafu, na daraja lake la juu lilikuwa na sheria moja: kipande cha kununua ni mwiko. Bati unakata mwenyewe, shaba unakereza mwenyewe, tairi unamimina mwenyewe. Msimamizi wa mashindano huja na kioo kidogo chenye mpini, kama cha daktari wa meno, akachungulia uvunguni mwa gari kutafuta uongo.

Mke wake, Norleen, aliijua sheria hiyo kwa hasara. Pini zake za kushonea ziligeuka ribiti. Mkoba wake wa kanisani ulipopotea hakuuliza. Aliinama, akachungulia ndani ya gari lililokuwa mezani, akaukuta umekuwa kiti.

"Umeshona vizuri," akasema. "Siku nikifa, usinisogelee na mkasi."

Gari lenye kiti hicho lilikuwa limemla Leland miaka minne. Lilikuwa la kaka yake, Doyle: Ford ya mwaka 1932 isiyo na paa, ambayo Doyle aliiunda kwa mkono wake akiwa kijana na kwenda kuikimbiza kwenye ziwa kavu la Muroc. Leland wakati huo alikuwa bado anavaa kaptura, na amri ya nyumbani ilikuwa fupi: tazama, usiguse. Doyle alipooa aliliuza kwa mtu wa Fresno, na gari halikuonekana tena duniani isipokuwa kwenye picha moja.

Sasa Doyle alikuwa na umri wa miaka themanini na sita, mgane, akiishi peke yake katika nyumba ya bati karibu na mto Kern. Macho yake yalikuwa yameharibika katikati: aliona kingo za dunia, lakini chochote alichokitazama moja kwa moja kiligeuka ukungu. Kazi ya mdogo wake aliiita vidude. "Mtu mzima na vigari," alikuwa akisema. "Baba angekuwa hai angekurudisha darasa la kwanza."

Leland alikwisha kushinda vikombe viwili vya daraja la juu, vyote viko juu ya friji, vimejaa vibanio vya nguo. Kikombe cha tatu kisingembadilisha. Alichotaka ni Doyle alishike gari lile na kusema ndilo. Alijua pia kwamba Doyle hana desturi ya kusema jambo kwa kuwa linamfurahisha mwingine.

Wiki mbili kabla ya maonyesho ya chama alilifunga gari ndani ya blanketi, akampelekea. Walikula kwanza, maharage na mkate wa mahindi, kwa sababu Doyle hakuwa mtu wa kuzungumza kabla ya kula, wala sana baada yake. Kisha Leland akafuta meza na kuliweka gari mbele yake.

"Nini hiki?"

"Shika."

Doyle aliweka mikono. Vidole vyake vilikuwa vinene na vimepinda, lakini vilitembea juu ya bati kama mtu anayerudi nyumbani gizani. Vikapita kwenye taa, vikashuka kwenye ekseli ya mbele, vikahesabu matobo yaliyotobolewa kupunguza uzito.

"Haya matobo nilitoboa kwa keekee ya mkono," Doyle akasema. "Bega liliniuma hadi Krismasi."

"Najua. Mama alikukanda mafuta ya kuchulia farasi."

"Kabureta mbili. Sawa. Usukani, sawa." Vidole vikafika kwenye ukuta wa bati unaotenga injini na dereva, vikasimama. Vikarudi nyuma, vikaja tena. "Dogo."

"Naam."

"Koki yangu iko wapi?"

Koki hiyo Leland aliijua kuliko alivyowajua watoto wake. Ilikuwa koki ya shaba iliyong'olewa kwenye tangi la maziwa, ambayo Doyle aliifunga kwenye njia ya mafuta ili injini ikishika moto aweze kuyakata mara moja. Leland alikuwa ameikereza upya mara tano, na ilizunguka kwelikweli. "Iko hapo," akasema. "Upande wa kulia."

"Mimi nimekaa kushoto."

"Ndiyo."

"Ninaendesha. Injini inawaka moto. Nakata mafuta kwa mkono wa nani?"

Leland akautazama mkono wake wa kushoto.

"Nilikuwa napitisha mkono wa kushoto nje ya kioo cha mbele, nafunga," Doyle akasema, bila ukali, kama mtu anayesoma mita ya maji. "Dereva wako angeungua. Gari zuri. Huenda ni la jirani. Langu si hili. Kahawa ipo jikoni."

Leland alirudi nyumbani akiliendesha gari lake kubwa polepole, lile dogo likiwa limefungwa mkanda kwenye kiti cha pembeni. Alipofika alitoa ile picha. Ilikuwa imepigwa karibu, kutoka mbele: injini, koki, na nyuma yake kifua cha Doyle aliyeinama. Injini yenyewe ilikuwa ya aina ambayo upande mmoja unafanana na mwingine kama mapacha, kwa hiyo haikuwa na cha kumwonya mtu. Koki ilikuwa upande uleule alioiweka. Akamwita Norleen amwamulie.

Norleen alivaa miwani, akaitazama picha kwa muda ambao mtu huchukua kuonja mchuzi.

"Kwa nini Doyle amevaa blauzi?"

"Blauzi gani?"

"Vifungo viko upande wa kike. Nimeshona mashati ya ukoo wenu tangu niolewe, sijakosea vifungo hata siku moja. Mzee, hii picha imegeuzwa. Aliyeisafisha aliiweka filamu kifudifudi."

Mwenye macho haambiwi tazama, husema wahenga, lakini wahenga hawakuwahi kufahamiana na watengenezaji wa magari ya mfano. Kwa miaka minne Leland aliipitia picha ile kwa kioo cha kukuza, nati baada ya nati. Aliweza kukuambia bolti ipi ilikaza vizuri na ipi ilichoka. Shati hakuliona, kwa sababu shati halikuwa sehemu ya gari.

Kuihamisha koki si kazi ya kung'oa na kubandika. Ilibidi injini itoke, njia ya mafuta ikunjwe upya, tobo la zamani lizibwe, na ukuta ule upakwe rangi tena safu kwa safu, kila safu ikisubiri kukauka kwa wakati wake na si kwa wakati wa mashindano. Etcheverry, katibu wa chama, mwana wa Wabaski, wachunga kondoo waliotoka Ulaya, alipita gerejini akalikuta gari limefunguliwa tumbo.

"Ndugu yangu, una wazimu? Picha uliyowasilisha inaonyesha kulia. Ukiweka kushoto, msimamizi atakukata alama."

"Picha ni ya uongo."

"Picha ndiyo sheria. Kaka yako hayumo kwenye sheria."

"Basi anikate," Leland akasema, akaendelea kupiga msasa.

Ijumaa, maonyesho yakiwa kesho yake, alirudi kwa Doyle. Safari hii hapakuwa na maharage. Doyle alikwenda moja kwa moja kwenye ukuta ule, upande wa kushoto, kwa mkono wa kushoto. Akaigusa koki kwa ncha ya kidole. Akaifunga. Akaifungua. Akaifunga tena, akaacha mkono hapo.

 

"Ilikuwa ikikwama kidogo mwishoni," Doyle akasema hatimaye.

"Niilegeze?"

"Nani kakuambia uilegeze? Inakwama. Ndivyo ilivyokuwa." Akalivuta gari taratibu upande wake wa meza, hadi likagusa kifua. "Liache."

"Kaka, maonyesho ni kesho. Nitakuletea Jumapili."

"Gari hili ni la nani?"

Leland alilitazama swali hilo kutoka kila upande, kama fundi, akitafuta mahali pa kupitisha bisibisi. Hapakuwapo.

"Lako," akasema.

"Basi. Niliwahi kuliuza mara moja, nikajuta. Funga mlango ukitoka, vumbi linaingia."

Jumamosi Leland alikwenda ukumbini na kitambaa cheusi na kibao chenye jina la gari, kwa kuwa meza ilikwisha kuandikishwa na chama hakipendi nafasi zinazopotea ovyo. Alitandika kitambaa, akasimamisha kibao, akakaa nyuma yake na kipande cha pai ya pichi. Msimamizi alifika na kioo chake, akasimama, akakitazama kitambaa, akamtazama Leland.

"Mzee Huckaby, gari liko wapi?"

"Mwenyewe kalizuia."

"Mwenyewe nani? Si umelitengeneza wewe?"

"Nimelitengeneza," Leland akasema, akikata pai kwa uma. "Lakini si langu. Kaka yangu kalishika jana, kasema ni lake."

Msimamizi akasubiri pengine kuna maelezo zaidi. Hayakuwapo. Akaenda meza inayofuata, na Leland akamalizia pai yake, akakaa pale hadi jioni, akiwapokea watu waliokuja kukitazama kitambaa.