Mliaji wa Machimbo ya Mchanga

Rozalia alijua kulia, hilo hakuna aliyebisha. Wapo watu msibani wanaolia mpaka unatamani wanyamaze, lakini yeye akianza "Data weee!", baba yangu wee kwa Kiha chake cha Simbo, hata wanaume waliofuata wali tu walitazama chini. Aliitwa Ujiji, akaitwa Rusimbi, akaitwa Kibirizi kwa wauza dagaa. Hakulipwa na mtu. Machozi yake yalikuwa karibu, kama yalivyokuwa ya mama yake.

Siku nyingine zote alipika. Kibanda chake kilikuwa njia panda, pale magari ya mchanga yanapoacha barabara kushuka mtoni, na wateja wake walikuwa wachimbaji. Mumewe Castory alikuwa mmoja wao. Machimbo yenyewe hayakuwa na kibali. Leonardi, aliyejiita mwenye nayo, mtu wa maneno matamu na kitambi cha kutosha, aliwaambia vijana kibali kiko njiani. Sijui kilikuwa kinatembea kwa magoti, maana hakikuwahi kufika.

Ofisa wa mazingira alikuwa kijana mwembamba, Alphonce. Wachimbaji walimbandika jina la Mita Sitini, kwa sababu kila alipofika alianza na wimbo huo huo: mita sitini kutoka ukingo wa mto hakuna kuchimba. Akimkuta mtu shimoni alimpiga faini, akachukua beleshi lake, na lori likazuiwa. Kwa hiyo walimwogopa kuliko walivyouogopa mto.

Ujanja wao ulianza kwa bahati. Rozalia alikuwa anatoka msibani Rusimbi, kilio bado kimemkaa kooni, alipokutana na gari la serikali kibandani. Akamkumbuka marehemu, akaangua kilio. Alphonce akasimamisha gari, akashuka, akavua kofia, akampa pole. Huko chini wanaume walisikia, wakachungulia, wakaliona gari, wakatimkia kwenye matete. Mkaguzi alipofika mtoni alikuta mashimo matupu.

Leonardi alicheka mpaka akashika mbavu. "Mama Scola, wewe ni king'ora! Kuanzia leo ukiliona lile gari, lia. Sisi tutaelewa."

Rozalia hakupenda. Kumlilia mtu asiyekufa aliona ni kukitafuta kifo. Lakini binti yao Scola alikuwa sekondari, Castory alikuwa shimoni, na faini ingewamaliza. Akalia. Akalia tena, ikawa kazi. Vijana wakazoea, hata kuchungulia wakaacha. Wakisikia "Data weee!" walitupa mabeleshi na kukimbia bila kuuliza.

Mita Sitini naye hakuwa mjinga. Asubuhi moja alikuja kwa pikipiki, peke yake, akaketi kibandani na kuagiza chai.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Leo nani amefariki?"

Rozalia akammiminia chai.

"Sikuja kukamata mtu," alisema Alphonce. "Ule ukuta wa upande wa mto mmeula chini kwa chini, juu umebaki unaning'inia. Mvua ikinyesha vizuri, unashuka. Mwambie mzee wako asichimbe pale." Akamaliza chai, akalipa, akaondoka.

Jioni alimwambia. Castory alikuwa ananawa miguu uani, akacheka. "Mita Sitini? Huyo anatafuta ya soda."

"Hajaomba kitu, Baba Scola. Hata chai kalipa."

"Ataomba kesho."

Akala, akalala. Rozalia alibaki macho. Angeweza kukataa. Angeweza kunyamaza siku moja tu, Mita Sitini apite, awakute, ayafunge machimbo, na watu wapate hasara wakiwa hai. Wiki ile ile gari lilitokeza barabarani, naye akalia.

Mvua ilinyesha usiku kucha kuamkia Ijumaa. Mchana Castory hakupanda kula, hivyo Rozalia akafunika ugali kwenye hotipoti na kumshukia. Alimwona ameinama chini ya ukuta, peke yake, wenzake wakipakia lori nyuma ya kona ya mto. Castory akamwona, akainua mkono. Ukuta ukashuka. Haukupiga kishindo, ulikaa chini tu kama mtu aliyechoka, na palipokuwa na mumewe pakawa mchanga.

Rozalia alitaka kusema njooni, ukuta umeanguka. Koo lake lilijua neno moja.

"Data weee! Data weee!"

Nyuma ya kona mabeleshi yakaanguka, akasikia miguu ikikimbia. Haikuja kwake. Ilikwenda kwenye matete.

Akafukua kwa mikono, kisha kwa mfuniko wa hotipoti. Alichoka, akalia, akafukua, akalia. Na kila alipolia, wanaume wazima wenye nguvu na mabeleshi walizidi kujikunyata majanini. Walikuja kumwambia baadaye, kwa aibu, kwamba Leonardi alitabasamu na kunong'ona, "Leo Mama Scola kajituma kweli."

Aliyetoka wa kwanza ni Kubwimana, Mrundi aliyekulia Simbo. Alijiuliza mbona gari halisikiki. Alipofika kwenye kona aliita wenzake kwa matusi, nao wakaja mbio, wakafukua kama wendawazimu. Castory walimtoa akiwa bado na joto. Kinywa chake kilijaa mchanga.

Walimzika Simbo siku iliyofuata. Alphonce alikuja, akasimama nyuma ya watu, kofia mkononi. Wachimbaji walikuwa mbele na mabeleshi yao, tayari kufukia. Jeneza liliposhushwa wanawake walinyamaza kumpa Rozalia nafasi, maana nani angeanza mbele yake? Alikuwa na kilio kikubwa kuliko vyote alivyowahi kulia, na safari hii kilikuwa chake mwenyewe.

"Data—"

Beleshi likaanguka. Miguu ya vijana ilikuwa imeshageuka kuelekea njiani. Mmoja alipiga hatua mbili nzima kabla hajakumbuka yuko wapi, akasimama, akajifunika uso.

Rozalia akawatazama, akafunga mdomo. Castory akafukiwa kimya, na tangu siku hiyo hakuna msiba ulioisikia tena sauti ya mkewe.