Supu ya Tambi ya Jirani wa Hamriya

Ijumaa iliyopita mama yangu kaniambia jambo ambalo mpaka leo sijalimeza. Alikuwa amekuja kwangu Mawaleh, huku Uarabuni tunakoishi, kupumzika, kifua kinambana, chakula hakipiti. Nami, kama kawaida yangu kila anapougua, nikaweka mifupa jikoni tangu asubuhi, nikatafuta kotmiri na nanaa mbichi, nikampikia supu yake ya tambi. Yake, nasema, kwa sababu kwetu supu ile ilikuwa na mwenyewe. Ngoja nikueleze ilikotoka, ndipo utajua kwa nini nilibaki mdomo wazi.

Tulikuwa tunakaa mtaa wa Hamriya, juu ya duka la vitambaa, na mimi niko darasa la tatu, baba yangu alipofariki ghafla. Asubuhi alinifunga kamba za viatu, magharibi wameshamzika. Mama akakaa eda. Nyumba ikajaa wanawake, na kila aliyeingia alikuwa na neno lile lile: subiri, subira yavuta kheri. Mama aliitikia tu, lakini chakula hali. Bibi yangu, mama yake Mama, alimpikia uji, akampikia mchuzi wa nazi, mkate wa kumimina, na sahani zikawa zinarudi jikoni kama zilivyotoka. Niliogopa mno. Mmoja nimeshampoteza, na wa pili namwona anakwisha mbele ya macho yangu.

Mlango wa pili alikaa mwanamke kutoka Vietinamu, mumewe mpishi wa hoteli huko Qurum. Kiswahili hajui, Kiarabu chake ni salamu tu. Siku moja akabisha hodi na sufuria ya supu. Bibi akaipokea kwa adabu zote, akaifunika, akaiweka pembeni, maana nyama ile kaichinja nani? Yule jirani akaelewa. Badala ya kununa, kesho yake akaja mikono mitupu, akatuonyesha friji letu kwa kidole. Bibi akacheka, mara ya kwanza tangu msiba, akamtolea mifupa na nyama ya ng'ombe ya kwa bucha wetu.

Loh, tuliyoyaona siku ile! Alichukua kitunguu kizima na kipande cha tangawizi, akaviweka juu ya moto wenyewe mpaka vikawa vyeusi. Bibi akanishika bega. "Yarabi, kitunguu kakiunguza makusudi, halafu anakitia sufuriani!" Vikafuata mdalasini, karafuu na kiungo kimoja chenye umbo la nyota. Alikuwa na kichupa cha maji ya samaki, Bibi akakinusa, akaruka. "Huyu papa huyu!" Lakini kioja chenyewe kilikuwa tambi. Kwetu sisi watu wa Unguja, tambi ni za sukari na iliki na tui la nazi, za kufuturia. Yeye kazitia bakulini pamoja na nyama, kazimwagia supu ya moto, juu yake majani mabichi na ndimu. Bibi akasema dini haikukataza, ila akili imekataa.

Jirani akalibeba bakuli, akaingia nalo chumbani kwa Mama, akafunga mlango. Mimi na Bibi tukabaki tunatazamana. Alipotoka, bakuli lilikuwa jeupe, halina hata uzi mmoja wa tambi. Bibi alikaa chini pale pale sakafuni. "Mgeni njoo, mwenyeji apone," akasema, machozi yanamtoka.

Alikuja kupika mara nyingi baada ya hapo, mpaka Mama akaanza kula vyakula vyetu. Mimi nilisimama pembeni ya jiko nikajifunza kila kitu, na mkataba wa mumewe ulipokwisha wakahama, kazi ile nikairithi. Mama akiugua, supu. Akifiwa na ndugu, supu. Hata siku ya pili ya harusi yangu nilimpelekea supu, nikijua yuko peke yake.

Basi Ijumaa akala vijiko viwili, akanitazama.

"Mwanangu, nikwambie? Supu hii mie siipendi. Sijaipenda hata siku moja. Tambi kwenye nyama!"

Nilidhani homa imempanda kichwani. Nikamuuliza, na yale mabakuli aliyokuwa akiyamaliza?

"Wote walonijia walinambia nisubiri. Yule hana lugha ya kunambia hivyo. Alikaa kitandani pangu, kanishika miguu, akalia kunishinda mimi. Mtu kakulilia mumeo asomjua, utamrudishia bakuli lake limejaa?"

 Umri wote huu nilijua siri iko kwenye mdalasini na kitunguu cha kuungua. Nilijifunza kila hatua ya jikoni, na lililomponya Mama lilikuwa nyuma ya mlango uliofungwa. Yule mwanamke hata jina lake hatukulijua, na leo sijui nimtafute wapi. Na watu wa namna yake sijui wamekwenda wapi. Akifiwa mtu siku hizi, simu hujaa pole zenye picha za maua, na subira kwa kila lugha. Wa kuja kukaa kitandani hayupo.

Nilipogeuka nikamkuta Mama kalivuta bakuli, anamalizia tambi. Nikamwambia aache, kwa nini ajilazimishe.

"Si umepika wewe?" akasema.