Mwanamuke ku Mulango ya Shimo

Kichwa ya mutoto yangu ilizidi kuvimba. Ni mayi njo ilikuwa inajaa mule ndani. Usiku nilikuwa nategemeza ile kichwa na mukono mupaka mukono inakufa ganzi.

Banganga ba kutoka mbali bakafika ku hopitali yetu ya Kolwezi. Balikuwa banatafuta matunzo ya muzuri zaidi: kufungua njia ndani ya kichwa, mayi itoke yenyewe, bila kumuachia mutoto tuyau, ule mupira ya kutosha mayi, mu mwili. Tuyau inazibaka, na hapa kwetu nani atakuja kuizibua? Nikasema: mumukamate wangu wa kwanza!

Munganga akaniuliza: "Mama, tata yake anakubali?"

"Mi nakubali."

"Hapana. Mu huu utafiti tunaomba tata pia. Na tunarudia kwetu siku ya posho, mwisho ya hii juma."

Aka! Uchungu ya mutoto, muzazi njo anaijua. Na ule tata alikuwa wapi? Mu shimo, kule Musonoi, anachimba kobalti. Hakurudia tena ku nyumba tangu majirani balisema aliuzisha kichwa ya mutoto ku mashetani ya shimo juu apate majiwe ya muzuri. Bongo mutupu, hakuuzisha kitu! Lakini haya ilimushinda.

Nikamufunga mutoto ku mugongo, nikaenda. Kule, mwanamuke hakaribiake mulango ya shimo. Banasema majiwe inakimbia.

"Mama, rudia! Utatufukuzia majiwe!" bachimbaji bakapiga kelele.

Nikaikala chini, pale pale ku mulango.

"Sitoke! Majiwe yenu yote ikimbie mupaka Dilolo, ivuke na Angola! Mumutoe bwana yangu!"

Eh, balimuvuta na kamba mbio mbio. Akatokea, bulongo mupaka mu macho.

"Bibi, unanipatisha haya."

"Haya? Beba mutoto yako."

Akamubeba. Akategemeza ile kichwa na mukono.

Ku hopitali, munganga alimueleza yeye maneno yote. Mi, hata kuniangalia, hapana. Bwana akakubali, munganga akamupa mukono: "Asante, tata. Umemuokoa mutoto." Na mi nilisimama pale, kikwembe nilijifunga yote bulongo ya shimo. Nakasirika mupaka leo.

Bakamufungulia ile njia ndani ya kichwa, mutoto akapona. Leo anabeba kichwa yake mwenyewe, anakimbiza kuku za majirani. Banganga banarudiaka kupima kichwa yake na metre. Juzi, mumoja mupya akaniuliza: "Tata yake eko wapi?"

Nikamujibu: "Eko mu shimo. Mi niko hapa. Pima."