Shafti Iliyumba Kibwezi, Nyuki Wakahama Mutomo

Kosa ni langu, na sitaki mtu anionee huruma. Mimi ni fundi wa mizinga ya nyuki hapa Kibwezi, ile ya kisasa yenye fremu za mbao ambamo nyuki hujenga masega. Kwa bei hunipati: muuzaji wa mbao akitaja yake, namzungusha mpaka asahau alianzia wapi. Lakini msumeno wangu mwenyewe sikuukagua. Mjanja kweli!

Shemeji yangu, dada ya mke wangu, anaongoza kikundi cha akina mama kule Mutomo. Huko nyuki wamekuwa mambo ya wanaume, kwa sababu wao ndio hupanda miti kufuata mizinga ya magogo. Mizinga yangu ingening'inizwa chini, mama aifungue akiwa amesimama. Wazee walicheka. Shemeji akawaambia wangoje mavuno.

Basi msumeno wa meza ukaanza kukata mfereji mpana kuliko blade yenyewe. Mtu mwenye akili angeuliza kwa nini. Mimi nilienda mjini Salama, nikabishana na muuzaji wa blade mpaka akanipa bei ya kunifukuza dukani, nikarudi nikipiga mluzi. Blade mpya, mkato ule ule. Nikasema mbao ni mbichi.

Kumbe shafti imepinda, kile chuma kinachoshika blade na kuizungusha! Kuijua si kazi: chomoa stima, sogeza kipande cha mbao kiguse jino moja tu, kisha zungusha blade kwa mkono. Meno mengine yakikwaruza na mengine yakiacha mwanya, kuna kitu kinayumba. Badilisha blade, ikiyumba vile vile, ni shafti. Haya nilikuwa nayajua. Nimewahi hata kuyafundisha, tena kwa madaha.

Fremu zikatoka kila moja na kipimo chake. Nyuki hana mzaha na nafasi: ikizidi ile ya yeye kupita, anaijaza masega. Siku ya mavuno, wazee wamealikwa, shemeji alivuta fremu moja zikaja tatu, zimeshikana kama ugali wa jana. Masega yakapasuka, asali ikamwagika mchangani, nyuki wakazama humo. Waliobaki walihama. Mzee mmoja akamuuliza, kwa upole, kama amletee kamba ya kupandia miti.

Jioni shemeji alinipigia simu. Nikaanza hadithi ya mbao mbichi.

"Shemeji," akanikata, "mzinga wa babu ulichongwa na shoka, na nyuki wako ndani mpaka leo. Wewe uko na stima."

Nikasema nitatengeneza mingine bure. Akajibu kuwa akina mama wamerudi kungoja wanaume wapande, na yeye ameacha uongozi. Hakunitukana. Siku hizi tukikutana kwa wakwe ananisalimia kwa heshima kabisa, kama mgeni aliyepotea njia.

Wewe unayenicheka, shika hiyo blade yako leo uizungushe. La sivyo, kesho utasalimiwa hivyo.