Jina Ambalo Hatukuwahi Kulitamka

Kwetu magharibi mwa Kenya, mtoto mchanga akilia sana huitiwa majina ya marehemu, na akinyamaza kwa moja, hilo ndilo lake. Dada yangu alipojifungua hapa Kitengela, tulitaka mtoto awe na jina la mama yetu, aliyefariki mwaka jana. Dada akaliita. Mtoto akazidi kulia.

"Nyinyi watoto wa Kitengela!" mama mdogo alitucheka kwenye simu. "Mnasoma jina la dadangu kama bango la ploti. Vuteni ile sauti ya mwisho." Akalitamka polepole.

Tukavuta. Niliogopa kwamba nimevuta kupita kiasi, nikaanza upya, kisha nikaogopa kwamba nimelikata, kama walivyolikata majirani miaka yote. Midomoni mwetu lilikuwa jina la mgeni. Sisi hatukuwahi kulitamka mama yetu akiwa hai, kwa sababu mtu hamwiti mzazi wake kwa jina.

Dada akamweka mtoto begani. "Basi, Mama," akamwambia. "Nyamaza, Mama."

Hilo tulijua kulitamka. Mtoto hakunyamaza, na sisi pia tukaanza kulia.