Kidole Alichopoteza Mbwa Mwitu

Jumapili ile mwenye nyumba wa mtaa wa La Rochelle, hapa hapa Johannesburg, mzee Mtanzania mwenzetu, angepiga simu mchana apate jibu: tunahamia kwake au hatuhamii. Mke wangu alikuwa ameshajitoa. "Amua mwenyewe, mume wangu," alisema akienda kanisani. "Mimi nimechoka kufungasha." Binti yetu wa miaka kumi na mitatu hakuulizwa.

Nilikaa jikoni kuandika makala niliyoahidi, juu ya mbwa mwitu wa kale ambaye mifupa yake ilipatikana kwenye mapango nje ya Johannesburg. Nikisema nilikaa, natia chumvi. Niliandika sentensi, nikainuka, nikafungua friji, nikachungulia dirishani kuona kama mtaa wetu wa Yeoville bado upo, nikarudi nikaifuta ile sentensi.

Ukoo wa mbwa ulianzia Amerika Kaskazini. Baadhi yao wakavuka hadi Asia, na baadaye sana uzao wao ukaingia Afrika bila kuulizwa vibali. Huyu wa mapangoni aliishi yapata miaka milioni moja iliyopita, pengine zaidi, na anadhaniwa kuwa babu wa mbwa mwitu wa leo. Meno yake yalikuwa hayajawa visu vya nyama tupu. Na mguu wake wa mbele ulikuwa bado na kidole cha tano, kile kifupi cha pembeni ambacho mbwa wa nyumbani anacho na mbwa mwitu wa sasa hana. Uzao wake ulikuwa wa wakimbiaji. Kizazi baada ya kizazi, kidole kikatoweka.

Nilikuwa nakichora binti yangu alipoingia.

"Baba, rangi zangu ziko boksi gani?"

Aliuliza kwa Kiingereza, kama kawaida yake. Anayeandika ni mimi, kwa hiyo hapa anasema Kiswahili. Maboksi yalikuwa yamejaa koridoni, mengine hayajafunguliwa tangu nyumba mbili nyuma.

"Tazama lile lililoandikwa Jikoni."

Hakwenda. Aliinamia mchoro. "Hiki nini?"

"Kidole. Kilipotea kwa sababu ya kukimbia."

"Walikuwa wanakimbia nini?"

"Hawakuwa wanakimbia kitu. Walikuwa wanafukuza swala."

"Eish. Kumbe wao walikuwa na sababu."

Nikaanza kumweleza habari za La Rochelle: sebule kubwa, jua la asubuhi.

"Hata hapa ulisema kuna jua," alinikata. "Baba, nina rafiki ghorofa ya chini. Nimekaa naye mwaka mzima. Sijawahi kukaa na rafiki mwaka mzima."

Nikaenda kibarazani kutafuta jibu. Simu ikalia mezani, karibu naye kuliko karibu nami.

"Shikamoo, mzee," nilimsikia akisema, kwa Kiswahili, na kwa lafudhi ya Tanga kama ya mama yangu. "Baba yupo. Anazunguka tu." Akasikiliza. "Hapana, mzee, hatuji. Sisi tumeshafika. Asante."

Aliirudisha simu mezani, akanitazama kama anayesubiri kufokewa.

Ningeweza kumpigia yule mzee palepale, nikacheka, nikasema watoto wa siku hizi. Simu niliishika kabisa. Kisha nikaiweka juu ya friji, nikachukua kisu, nikaenda koridoni kukata selotepu. Rangi hazikuwemo kwenye boksi la Jikoni. Zilikuwa kwenye lililofuata, chini ya mapazia ya nyumba iliyotangulia, ambayo hayaenei dirisha lolote hapa.