Mtoto Aliyeningoja

Mama mmoja aliteremka kutoka Mghange na mtoto wa siku mbili, aliyezaliwa bila njia ya haja kubwa. Tumbo lilikuwa limevimba hadi ngozi inang'aa. Mimi ndiye daktari niliyekuwa zamu hapo hospitali ya Voi, na kesho yake pia, kwa sababu mwenzangu alikuwa likizo. Sikuwa nimesomea upasuaji wa watoto. Nilijua jambo moja tu: kumtoboa ubavuni na kuutoa utumbo nje kidogo, apate pa kutolea choo mpaka atakapotengenezewa njia ya kawaida. Nilifanya hivyo, na mtoto akaishi.

Wiki ya tatu ikaja barua. Nilikuwa nimepata nafasi ya kwenda Uingereza kusomea upasuaji huohuo wa watoto, miaka minne. Nilimpitia yule mama wadini kumuaga, naye akaniuliza ni nani sasa atakayemtengeneza mtoto wake. Akili yangu ilikuwa kwenye treni.

"Usijali mama," nikasema. "Ningoje tu. Nikirudi nitamtengeneza mwenyewe."

Ahadi ni deni, ndivyo tunavyowaambia watoto. Sisi wakubwa tunaahidi kama tunavyosalimiana.

Uingereza sikuwa na mtu. Wenzangu walikuwa na adabu nyingi, lakini hakuna aliyewahi kunikaribisha kwake hata chai. Jumapili nilijifungia chumbani nikijizoeza kufunga mafundo ya uzi ndani ya kiberiti kitupu, kiberiti kisisogee, maana utumbo wa mtoto mchanga hautaki kuvutwa. Nikifaulu nilijipongeza kwa Kidawida, kwa sauti, nisije nikaisahau lugha yenyewe. Nilijaribu kupika kimanga, chakula cha kwetu, kwa viazi na maharagwe ya mkebe, nikaviponda kwa kitako cha kikombe. Nilikula huku nalia, na sioni haya kusema.

Mwaka wa pili mwalimu wetu alifundisha juu ya watoto waliozaliwa kama yule. Alisema njia itengenezwe mapema, kabla ya umri wa kujifunza kujizuia. Mtoto akicheleweshwa, huenda asijue tena choo kinapomjia. Niliandika maneno hayo daftarini na kuyapigia mstari, kisha mkono ukasimama. Miezi kumi na minane nilikuwa sijamfikiria mtoto yule hata mara moja.

Nikajiambia bila shaka wamekwisha kumpeleka Nairobi. Karatasi za barua zilikuwa mezani. Ningeandika mistari miwili tu kwa mwenzangu wa Voi, lakini kuandika kungekuwa kukiri kwamba nilimsahau. Jioni ile nilimwandikia baba kurasa tatu kuhusu theluji.

Niliporudi Voi sikumaliza wiki kabla ya kumwona yule mama kwenye foleni. Mtoto alikuwa na miaka minne, kitambaa kimefungwa tumboni chini ya shati. Waliokaa nao kwenye benchi walikuwa wamesogea mbali, kwa ajili ya harufu.

"Mama, hawakuwatuma Nairobi?"

"Walinipa barua mara mbili, daktari. Nikawaambia huyu ana daktari wake, amesema tumngoje."

Hakuwa analalamika. Alikuwa ananipa habari njema. Aliniambia pia kwamba nasari walimrudisha nyumbani, kwa hivyo hana wenzake wa kucheza nao. "Lakini si umerudi?" akasema.

Nilimpasua kwa uangalifu ambao sijawahi kuurudia. Kila mshono ulikaa mahali pake, na baadaye tundu la ubavuni nikalifunga. Tukamngoja ajifunze. Miezi ikapita, na choo kikawa kinamtoka katikati ya mchezo bila yeye kujua. Nilimweleza mama kwamba huenda itakuwa hivyo siku zote.

"Mungu ndiye anajua sababu," akasema.

Mimi pia nilijua. Sikumwambia, na hapakuwa na mtu mwingine Voi nzima ambaye ningeweza kumwambia.

Siku yao ya kuondoka hospitalini mama alimsukuma mtoto mbele yangu, mbele ya wauguzi wote.

"Msalimie daktari. Huyu ndiye hakutusahau."

Mtoto akaninyooshea mkono, nami nikaupokea.